Mshipa Usiopiga

Jumatatu, 5 Mei

Leo foleni ya wajawazito ikiwa bado ndefu, bingwa wa upasuaji wa ubongo ameshuka mwenyewe hadi chumba chetu cha ultrasaundi. Kwa kawaida huja karatasi tu. Alisubiri mlangoni mpaka nikamaliza na mama niliyekuwa naye kitandani, kisha akaniuliza: "Dada, mashine yako inaweza kuona damu inayokwenda polepole sana?" Nikamjibu kwamba inaweza, ila lazima ipangwe kwa kazi hiyo, maana sasa hivi imepangwa kwa mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Akavuta kiti.

Ana mgonjwa, mama wa makamo, mwenye uvimbe juu ya ubongo upande wa kushoto. Uvimbe umeegemea ule mfereji mkubwa wa damu unaopita katikati, chini ya fuvu, kutoka mbele kwenye paji hadi kisogoni. Picha za MRI anazo, na ni nzuri. Anachotaka ni kuiona mishipa siku yenyewe, mfupa ukiwa umeshaondolewa na utando mgumu unaofunika ubongo ukiwa bado haujapasuliwa. "Ateri hainipi hofu sana," alisema. "Ateri inapiga, unaiona. Vena imetulia tu. Mara nyingi mtu anaijua akiwa ameshaikata."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Miaka yote hii nimepima matumbo, shingo, figo, miguu iliyovimba baada ya uzazi. Thieta ya ubongo sijawahi kuingia na mashine. Nimetenga daftari hili niandike kila ninachojifunza kabla ya siku hiyo, kwa sababu mimi nikiandika ndipo ninaelewa.

Jumatano, 7 Mei

Watoto wamelala, nimekaa na kitabu cha anatomia.

Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia unapokea karibu asilimia 15 ya damu yote inayosukumwa na moyo, kama mililita 750 kila dakika. Chuoni tulifundishwa sana habari za damu inavyoingia. Habari za kutoka zilipewa ukurasa mmoja au miwili. Na kinachoingia lazima kitoke.

Vena za ubongo si kama za mguu. Hazina vali. Kuta zake ni nyembamba mno na karibu hazina msuli. Zile za juu hukusanya damu kutoka uso wa ubongo, zikapanda kuelekea katikati, kisha zikavuka kinafasi kilichopo kati ya ubongo na utando mgumu na kuingia mferejini. Hapo zinapovuka hazina kitu cha kuzishikilia. Ndizo zinazochanika kwa wazee wetu: ubongo husinyaa kidogo kadiri umri unavyokwenda, vena zinavutika, na mzee akijigonga hata kidogo tu damu inaanza kuvuja chini ya utando. Wiki zinapita, na nyumbani wanadhani ni uzee unaomsahaulisha.

Mfereji wenyewe ni nafasi iliyo ndani ya utando mgumu, yenye pembe tatu ukiitazama kwa upana, na hupanuka kadiri inavyokwenda nyuma. Mshipa wa mkononi ukikatwa hujibana. Mfereji hauwezi, kwa kuwa kuta zake ni utando. Ukikatwa unabaki wazi, unatoa damu, na kama kichwa kimeinuliwa juu ya moyo unaweza hata kuvuta hewa ndani.

Vena mbili kubwa zina majina ya Wafaransa wa karne ya 19. Ya Trolard hupanda hadi mfereji huo wa juu. Paulin Trolard alifundisha anatomia Algiers, kwenye bara letu hili hili. Ya Labbé hushuka kwenda mfereji wa pembeni, nyuma ya sikio, na kwa watu wengi ile ya kushoto hubeba damu ya eneo linalohusika na lugha. Ikifungwa, mtu anaweza kuamka akakosa maneno. Kitabu kimechora kila moja mahali pake kwa wino wa buluu. Bingwa ameshanionya nisiiamini michoro hiyo: vena za watu wawili hazifanani, na hata kwa mtu mmoja kushoto hakulingani na kulia.

Jambo lililonishika zaidi usiku huu ni namna madhara yanavyokuja. Ateri ikizibwa, sehemu ya ubongo inakosa damu na matokeo yanaonekana upesi. Vena ikizibwa, damu inaendelea kuja na haina pa kutokea. Ubongo unavimba polepole, mishipa midogo inapasuka, damu inaingia kwenye nyama yenyewe ya ubongo. Mgonjwa anaweza kuamka vizuri, akawatambua ndugu zake, akanywa uji. Kesho yake au keshokutwa anaanza kusinzia, degedege inamshika, mkono unalegea. Ndugu wameshashukuru, wengine wameshapanda basi kurudi kwao, ndipo mambo yanaharibika.

Kwa muda mrefu wapasuaji wamefundishana kwamba theluthi ya mbele ya mfereji wa juu inaweza kufungwa pakilazimika, lakini ya kati na ya nyuma zisiguswe. Uvimbe wa mama huyu uko theluthi ya kati.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya kazi nimebaki na mashine. Sista mmoja wa thieta amenipa mkono wake wa kushoto, wa kulia akaushikia kikombe cha chai.

Kwanza kasi. Damu kwenye ateri kubwa ya shingo hufika sentimita 60 hadi 100 kwa sekunde wakati wa pigo. Damu kwenye vena ndogo ya ubongo huenda sentimita chache tu. Sasa, mashine ina chujio linalotupa kila mwendo wa polepole, kwa kuwa mwendo wa namna hiyo mara nyingi ni wa kuta na nyama zinazotikisika. Chujio likiwa limewekwa juu, damu ya vena inatupwa pamoja na takataka hizo. Wavu wa matundu makubwa haukamati dagaa, na aliyeuvuta anaweza kuapa kwamba maji yale hayana dagaa. Kwa hiyo nimeshusha kipimo cha kasi, nimeshusha chujio, nimepandisha nguvu ya rangi mpaka skrini ikaanza kujaa madoa ya uongo, halafu nikairudisha kidogo. Vena za Sista zikajitokeza, hata zile nyembamba za juu ya kifundo ambazo asubuhi zisingeonekana.

Pili pembe. Mashine inasoma damu inayoijia proba au inayoiondokea. Damu ikipita mbele yake kwa pembe mraba, haisomi kitu, hata kama ni mto. Na vena za juu ya ubongo zimelala hivyo hasa, sambamba na uso wa proba. Lazima mkono uinamishwe, au mwale wa sauti ugeuzwe kwa kitufe.

Tatu uzito wa mkono. Hapa mazoea yangu yote yanapingwa. Kwenye mguu tunaibana vena makusudi: ikibonyea yote, haina bonge la damu, ikigoma, bonge lipo. Kwenye ubongo hakuna kubana. Uzito wa proba peke yake unaweza kuifunga vena ikapotea kwenye skrini, na skrini ikaonyesha njia nyeupe mahali pale pale ambapo mshipa upo chini ya mkono. Nimejaribu kwa Sista: kugusa kidogo tu zaidi ya kawaida, na vena ya kiwiko imekwenda.

Na rangi. Kila anayekaa karibu nami hudhani nyekundu ni ateri na buluu ni vena. Rangi inataja upande tu, kuja au kuondoka. Nikigeuza proba zinabadilishana. Anayetaka kujua kwa hakika aweke alama juu ya mshipa na afungue grafu. Ateri hupanda na kushuka kwa kila pigo. Vena huchora utepe usiokatika, na kwenye spika inavuma. Nimemfungulia Sista sauti ya vena yake. Akaweka kikombe chini. "Hizi nazitoboa kila siku," alisema, "sijawahi kuisikia hata moja."

Jumapili, 11 Mei

Mvua mchana kutwa, hakuna aliyetoka. Nimesoma historia.

Kanuni tunayoitumia kusoma mwendo wa damu ilitangazwa Prague mwaka 1842 na Christian Doppler, naye alikuwa akizungumzia mwanga wa nyota mbili zinazozungukana. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliipima kwa sauti: akawapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht, na wanamuziki wenye masikio mazuri wakasimama kando ya reli kusikiliza sauti ikipanda treni ikija na kushuka ikiondoka. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya mtu kuielekeza kanuni hiyo kwenye damu.

Habari iliyonigusa ni ya daktari wa Austria, Karl Dussik. Mwaka 1942 alichapisha picha alizozipata kwa kupitisha mawimbi ya sauti kichwani, akaamini ameona vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo. Miaka kumi baadaye ikaonyeshwa kwamba fuvu tupu lililozamishwa majini linatoa michoro ya namna ile ile. Kumbe alichokiona kilitoka kwenye mfupa. Alikuwa mtu makini na picha zake zilikuwa na umbo la kuaminika. Nataka niikumbuke habari hii kila ninapopenda picha kupita kiasi.

Mfupa ndio kizuizi. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake walipata mwanya kwenye panja, ambapo fuvu ni jembamba, wakitumia megahezi 2, na wakasikia ateri za ndani. Kwa mtoto mchanga utosi upo wazi, kwa kawaida hadi mwaka na nusu hivi. Kwa mtu mzima kwenye thieta, mpasuaji mwenyewe anakitoa kizuizi. Utando mgumu unaobaki hauzuii sauti.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda wodini kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa mashine?"

Nikamwambia ndimi. Akaniuliza kama ni ile ile ya wajawazito, nikamjibu ni ile ile. Akamtazama binti yake na wote wawili wakapumua. Nadhani walikuwa wameogopa kitu chenye mionzi au sindano nyingine. Nilimweleza kwamba ni sauti tu, kali kupita ile ambayo sikio linaweza kuisikia, na kwamba atakuwa amelala nusu kaputi.

Mguu wake wa kulia ulianza kuburuzika miaka miwili iliyopita. Kandambili ilikuwa inamvuka njiani bila yeye kujua, watoto wa jirani wanamkimbilia nayo. Akatibiwa mgongo kwa muda mrefu. Baadaye kidole gumba cha mguu huo kikaanza kurukaruka chenyewe, kisha mguu mzima, ndipo akapigwa picha ya kichwa. Eneo la ubongo linaloamuru mguu lipo juu kabisa, kwenye mpaka wa katikati, na upande wa kushoto unaamuru mguu wa kulia. Uvimbe umekaa juu yake. Ni wa aina ya meninjioma, jina alilolianzisha Harvey Cushing mwaka 1922 kwa uvimbe unaoota kutoka kwenye tando za ubongo. Mwingi wake si saratani. Unakua pole pole na kusukuma.

Binti aliniuliza nje, kwa sauti ya chini: "Dada, mishipa wataikata?" Nilimwambia mimi nimeitwa ili ionekane kabla. Sikumuahidi zaidi ya hapo. Mama aliomba nywele zisinyolewe zote, na bingwa amekubali inyolewe njia ya kisu tu.

Jumanne, 20 Mei

Nimerudi usiku. Nisipoandika leo mpangilio utanipotea.

Mama alilazwa chali, kichwa kimeshikwa kwa vyuma na kuinuliwa kidogo kupita moyo. Hilo "kidogo" lilijadiliwa kwa dakika kadhaa. Kichwa kikiwa chini, vena hujaa na jeraha linavuja sana. Kikiwa juu mno, vena zinanywea na hewa inaweza kufyonzwa. Daktari wa usingizi aliweka kipimo cha kabonidayoksaidi inayotoka na pumzi mahali anapokiona bila kugeuza shingo, kwa sababu hewa ikiingia kwenye damu namba hiyo huanguka ghafla. Ndoo ya maji ya chumvi iliwekwa karibu ili jeraha lifurikishwe mara moja ikitokea.

Mashimo ya drili yalitobolewa pande zote mbili za mstari wa kati. Bingwa aliubandua utando kutoka kwenye mfupa kwa subira kubwa, akakata mfupa pande zote, na sehemu inayopita juu ya mfereji akaiacha ya mwisho kabisa. Mfupa ulipoinuliwa nilimsikia akitoa pumzi.

Proba ilivishwa mfuko tasa wenye jeli ndani. Bingwa ndiye aliyeishika; mimi sikuwa nimenawa kwa upasuaji, nilikaa kwenye vitufe nyuma ya mstari wa vitambaa. Juu ya utando walimwaga maji ya chumvi ili proba ielee kwenye maji badala ya kukaa juu ya utando. Nilianza na megahezi 10. Sauti hukimbia takriban mita 1,540 kwa sekunde ndani ya nyama laini, kwa hiyo wimbi moja linakuwa na urefu wa karibu milimita 0.15, na vitu vidogo vilivyo karibu vinaonekana vizuri. Kwa kina kirefu ningeshuka.

Picha ya kijivu kwanza. Uvimbe uling'aa kupita ubongo unaouzunguka, ukiwa na mpaka safi. Ukuta wa utando unaogawa nusu mbili za ubongo ulishuka katikati, mstari mweupe. Juu yake, pembetatu nyeusi: mfereji. Nikawasha rangi. Pembetatu ikabaki nyeusi.

Kila mtu alitazama skrini, na najua walichowaza, kwamba mfereji umeshazibwa na uvimbe. Ingekuwa hivyo, uamuzi wote wa siku ungebadilika, maana mfereji uliokufa unaweza kukatwa pamoja na uvimbe. Lakini kwenye picha ya kijivu pembe zake zilikuwa zimelala kidogo. "Legeza mkono, Dokta," nilisema, "unaubana." Sijawahi kumwamuru bingwa kitu. Alilegeza papo hapo na kuomba maji yaongezwe. Rangi ikajaa, kona hadi kona, isipokuwa upande wa kushoto ambapo uvimbe unaufinya. Nikafungua grafu, na spika ikavuma kwa mfululizo.

Kisha tukarudi nyuma ya uvimbe, polepole. Hapo kulikuwa na kitu kingine, utepe mwembamba wa rangi uliokuwa karibu sana na proba, karibu kupita nilivyotegemea. Nilimwomba ageuze proba kwa urefu. Ilikuwa vena inayotoka kwenye ubongo na kuingia ndani ya utando mgumu kabla ya kufika mferejini, ikitembea humo kama sentimita tatu. Kwenye MRI ilikuwepo, tulishaiona wote, ila MRI haikutueleza kwamba hapo imeshikana na utando. Bingwa alikuwa amepanga kuufungua utando kwa mkato wa nusu duara wenye bawaba upande wa mfereji. Mkono wa nyuma wa mkato huo ungepita juu ya vena ile.

Akaomba kalamu. "Niambie." Nikamwambia: hapo, nyuma kidogo, hapo, sasa inapinda. Aliweka nukta kwenye utando mpaka mstari ukakamilika, akautazama, akachora mkato mpya uliofupishwa nyuma na kuacha kipande cha utando juu ya vena bila kuguswa. Utando ulipofunguliwa, ilikuwa pale pale, ya buluu, imebanana na kile kipande cha utando. Sista aliyekuwa akitoa vifaa aliniangalia juu ya barakoa.

Uvimbe ulitolewa kutoka ndani kwenda nje, unakombwa kwanza, halafu ganda lake linakunjwa kuelekea katikati, chini ya darubini. Maji ya ubongo yaliponyonywa, ubongo wenyewe ulizama. Ramani ya kompyuta iliyotengenezwa kutokana na MRI ya wiki iliyopita haikulingana tena na kilichokuwa mbele yetu. Kusogea huko kunaweza kupita sentimita moja. Ndiyo maana niliitwa tena na tena, kwa sababu sauti inaonyesha mahali mshipa ulipo sasa hivi. Mara moja rangi ya vena ile ilififia hadi ikakatika. Hakuna aliyekuwa ameigusa kwa chombo. Pamba iliyowekwa kuulinda ubongo ndiyo iliyokuwa imeilalia. Ikasogezwa, na baada ya muda ule utepe ukarudi. Bila mashine, pamba ile ingekaa pale saa nzima, na damu iliyosimama saa nzima ndani ya vena inaweza kuganda.

Kilibaki kipande chembamba kilichoshikana na ukuta wa mfereji. Tangu Donald Simpson alipochapisha madaraja yake ya utoaji wa meninjioma mwaka 1957, inajulikana kwamba kadiri mpasuaji anavyotoa zaidi, pamoja na utando ulioota uvimbe, ndivyo uvimbe unavyorudi kwa nadra. Bingwa alikitazama kipande kile kwa muda, akauliza tena kama mfereji unapita. Nikampa sauti. "Basi tunakiacha," alisema. "Tutamfuatilia kwa MRI, na mionzi ipo kikikua. Mguu hauna spea."

Nimeona ni uamuzi wa heshima. Wapo wanaotaka kumaliza.

Jumatano, 21 Mei

Ameamka, anaongea. Mguu wa kulia mzito kuliko kabla, ila vidole vinacheza. Bingwa anasema alitegemea hivyo, eneo hilo limesumbuliwa. Siku ya pili na ya tatu ndizo zitakazosema habari za vena.

Ijumaa, 23 Mei

Nilipita wodini kabla ya kwenda kwa wajawazito. CT-skani ya jana haina damu, ubongo umevimba kidogo tu. Ameniinulia mguu kutoka kwenye shuka, kisha akaurudisha mwenyewe bila kuuangusha. Binti yake alilia. Mimi pia, ila nilifika kwanza koridoni.

Jumatano, 28 Mei

Tumezungumza na bingwa kwa muda mrefu juu ya kile mashine haiwezi, na nataka kiandikwe, kwa sababu wiki hii watu wamenisifu na sifa zinapofusha.

Vena zenye upana wa chini ya milimita moja naweza kuzikosa. Milimita za kwanza chini ya proba zina ukungu, ndiyo maana tunaweka mto wa maji kati ya proba na utando. Bila maji, vena za juu kabisa, zile zinazokatwa kwanza, ndizo zinazofichika. Kiputo kimoja cha hewa kinatupa kivuli hadi chini. Vena iliyonywea kwa sababu kichwa kiko juu haina cha kuonyesha. Kwa hiyo skrini tupu si ruhusa ya kukata, na hilo nitalisema kwa sauti thieta kila mara, hata likichosha.

Ipo njia nyingine, ya rangi iitwayo indosiyanini inayodungwa mshipani na kung'aa chini ya mwanga usioonekana kwa macho. Andreas Raabe na wenzake waliieleza kwa upasuaji wa ubongo mwaka 2003. Inaonyesha vena ndogo sana na upande damu inakoelekea. Lakini inaonyesha kile tu ambacho darubini inakiona. Chini ya utando au ndani ya nyama haifiki, na kila kipimo kinahitaji dawa nyingine. Hospitali yenye vyote viwili itumie vyote. Kwetu ultrasaundi ipo tayari, na inarudiwa bila gharama mpya.

Mchana wa leo pia tulimpokea mtoto wa miezi minne, wa kichwa kikubwa. Utosi wake ulikuwa mpana na umejaa. Pale sikuhitaji mtu kuondoa mfupa. Nilimpima akiwa mapajani mwa mama yake, ananyonya: vyumba vya maji vimepanuka, na kwenye mstari wa kati mfereji uko wazi, unavuma. Nilimwonyesha mpasuaji vena zinazoingia pembeni yake ili bomba la kutolea maji lipite mbali nazo. Kule Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya CURE, Benjamin Warf na wenzake walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba watoto wengi kama huyu wanaweza kusaidiwa kwa kufungua njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera, wasitegemee bomba maisha yote. Mpasuaji wetu anafikiria kumpeleka huko apate njia hiyo badala ya bomba. Ataamua kesho na wazazi.

Jumanne, 3 Juni

Mama ametoka leo. Ametembea na fremu hadi kwenye gari, kandambili zote mbili miguuni, binti nyuma yake anazitazama. Atarudi baada ya miezi mitatu kwa MRI.

Nimeandika barua kwa uongozi kuomba proba ndogo, ile ya kichwa chembamba inayoweza kuingia kwenye tundu dogo la mfupa. Nimeeleza pia kwamba mashine haitanunuliwa upya. Tunayo, na hospitali nyingi za mikoa zinayo ya namna hii hii, inashinda na wajawazito, nayo inafanya kazi njema. Kinachokosekana ni mtu wa ultrasaundi na mtu wa thieta kujuana. Sisi tunajua vitufe na hatujawahi kuona ubongo uliofunguliwa. Wao wanajua ubongo, na mashine wanaikuta imepangwa kwa moyo wa mtoto tumboni, wanawasha rangi, hawaoni kitu, wanairudisha kona.

Vijana wawili wa mafunzo wamekaa nami jioni. Nimewahifadhia mpangilio ndani ya mashine kwa jina "Vena ya ubongo": kipimo cha kasi chini, chujio chini, nguvu ya rangi chini ya kiwango cha madoa, kina sentimita nne. Kila mmoja ametafuta vena za mkono wa mwenzake kupitia mto wa maji, mpaka wakaweza kuzipata bila kuzibana. Yule wa kiume alichukua muda. Ana mkono mzito, lakini ana sikio zuri. Aliitambua vena kwenye spika kabla sijageuza skrini.

Alhamisi, kabla ya mapumziko ya Idi, kuna mgonjwa mwenye uvimbe wa kisogoni, karibu na mfereji wa pembeni, upande wa vena ya Labbé. Kijana huyo nitaingia naye. Picha za MRI nimeomba ziletwe kesho asubuhi ili tukae nazo wote wawili kabla foleni haijaanza.